Majeruhi wa Risasi Baada ya Kupewa Ruhusa



Kadhia niliyoitwa kuieleza jioni hii ni ya watu ambao magazeti huwaandika siku moja, kisha yakawaacha. Tarehe 21 Septemba 2013, duka kubwa la Westgate mjini Nairobi lilipovamiwa, tuliambiwa kuwa watu 67 waliuawa. Tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa, tuliambiwa kuwa waliouawa walikuwa 148. Na hesabu hizo zimekaa katika kumbukumbu zetu hata leo, nayo ni haki, kwa kuwa marehemu wanastahili kukumbukwa. Lakini waliotolewa mle wakiwa hai, wenye risasi za nyonga, za bega, za utumbo na za uti wa mgongo, ni nani kati yetu aliye na hesabu yao kichwani, na ni nani aliyeuliza katika mwaka wa tatu au wa nne wamefikia wapi? Nimekuja kudai mbele yenu kwamba jeraha la risasi si mali ya daktari mpasuaji peke yake. Kwamba siku mgonjwa apewayo ruhusa ya kwenda nyumbani ndiyo siku ianzapo nusu ya pili ya matibabu yake, iliyo ndefu na ngumu kuliko ya kwanza. Na kwamba nusu hiyo haiwezi kutimizwa ila na watu wa elimu mbalimbali waliokubali kukaa pamoja, kusoma daftari moja na kumtazama mtu mmoja.

Desturi ya zamani iliona kwamba kumtibu aliyepigwa risasi ni kuitafuta risasi yenyewe. Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa katika kituo cha gari moshi mjini Washington, tarehe 2 Julai 1881, matabibu walioitwa walitia vidole na vyuma visivyosafishwa ndani ya jeraha, mmoja baada ya mwingine, wakiisaka. Hata Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, akaletwa na chombo cha umeme alichokitengeneza kwa ajili ya kutambua mahali chuma kilipojificha. Risasi haikuonekana mpaka maiti ilipopasuliwa. Rais alikufa tarehe 19 Septemba, baada ya kukonda sana na kujaa usaha, na wengi katika wanazuoni wa utabibu wanakubaliana kwamba vidole vile vilimdhuru kuliko risasi aliyoibeba.

Elimu ya upasuaji imegeuka tangu hapo. Risasi iliyotulia katika nyama aghalabu huachwa ilipo, kwa sababu mwili huijengea ukuta wa kovu kuizunguka, na kuichimba kwaweza kuharibu mshipa ambao risasi yenyewe iliuepuka. Hukumu hiyo ni ya busara, wala siipingi. Ila ina sharti lake, na sharti hilo husahauliwa: mtu aliyeachiwa risasi mwilini amepewa amana inayotaka kuangaliwa. Risasi ikikaa karibu na maungio, maji ya maungio huyeyusha madini yake kidogo kidogo na kuyatia katika damu, na sumu hiyo yaweza kujidhihirisha baada ya miaka mingi, kwa maumivu ya tumbo, uchovu usioelezeka na upungufu wa damu. Huko Marekani, taarifa ya idara ya afya ya nchi ile iliyohusu miaka ya 2003 hadi 2012 iliwataja watu wazima 457 ambao madini ya risasi yaliyozidi katika damu yao yalihusishwa na vipande vya risasi walivyoachiwa mwilini. Nao, ingawa walikuwa wachache wakilinganishwa na wafanyakazi wa viwandani, miongoni mwao walikuwamo wenye viwango vikubwa mno. Sasa mfikirini mtu wetu, aliyepigwa akiwa na miaka ishirini, akafika zahanati akiwa na thelathini, analalamikia tumbo. Huenda akapewa dawa za minyoo, akarudi mwezi ujao akapewa dawa za vidonda vya tumbo, na hakuna atakayemwuliza habari za kovu lililo gotini mwake, kwa kuwa aliyeyajua hayo alikuwa mpasuaji wa mji mwingine, na cheti kilichotaja risasi ile kilikwisha kuliwa na mchwa. Kipimo kimoja cha damu kingaliweza kuamua jambo hili, lau kungalikuwako mtu mwenye dhima ya kukiagiza.

Kisha yako maumivu yasiyoonekana kwa macho. Mwaka 1864, Marekani ilipokuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, daktari Silas Weir Mitchell na wenzake wawili walitoa kitabu juu ya majeraha ya mishipa ya fahamu waliyoyachunguza katika hospitali ya Turner's Lane, mjini Philadelphia. Waliwakuta askari ambao kidonda kimefunga, ngozi imekwisha kupona, na wengine wangaliweza kuwaambia kwa nia njema kabisa kwamba wamepoa. Kumbe mkono unawaungua mchana na usiku, hawastahimili hata mguso wa shuka. Walitembea na chupa ya maji na sifongo, wakiulowesha mkono ule kila wakati, na wengine walimimina maji ndani ya viatu vyao ili msuguano wa nguo kavu mguuni usiyaamshe maumivu ya mkono. Naliona jambo hili kuwa la thamani kubwa, kwa sababu Mitchell hakuwaita waongo wala wavivu. Alikaa nao, akawasikiliza, akaandika. Na kusikiliza kule, baada ya mpasuaji kumaliza kazi yake na kunawa mikono, ndiko asili ya uangalizi ninaouzungumzia.

Katika mji huo huo wa Philadelphia, miaka zaidi ya mia na hamsini baadaye, matabibu waliwatafuta watu waliowahi kuwatibu risasi, wakawauliza hali zao baada ya miaka kadhaa kupita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Katika watu 183 waliojibu, asilimia 48.6 walikuwa na dalili za ugonjwa wa kiwewe; waliokosa kazi waliongezeka kuliko walivyokuwa kabla ya kujeruhiwa, na ulevi ulizidi. Takriban nusu, mabibi na mabwana. Hawa si watu waliokosa hospitali, kwani walitibiwa katika nchi tajiri, kwa mashine zilizo bora duniani, na mifupa yao ikaunganishwa barabara. Lakini mtu aliyeunganishwa mfupa akiwa hawezi kulala, akaketi kila mahali akiutazama mlango, akaruka pikipiki inapopiga mlipuko, akaiacha njia ya kwenda kazini kwa sababu inapita pale alipoangukia, na akanyamaza kwa kuona aibu kuwaambia watu wake kwamba anaogopa, mtu huyo hajapona, na daftari la hospitali linalosema amepona limesema lisilo kweli.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ninayoyajua ni wa Ludwig Guttmann, nami naomba ruhusa nikae juu yake kidogo. Alikuwa tabibu wa mishipa ya fahamu, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939, na mnamo Februari 1944 alikabidhiwa wodi ya waliojeruhiwa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Kabla ya hapo, askari aliyepigwa risasi ya mgongo akapooza miguu alihesabiwa kuwa maiti aliyecheleweshwa. Alilazwa pembeni, akapewa dawa ya kutuliza maumivu, na akafa baada ya majuma au miezi, si kwa risasi, bali kwa vidonda vya mgongo na makalio vilivyotokana na kulala upande mmoja, na kwa usaha wa njia ya mkojo. Guttmann aliyaona mambo hayo mawili kuwa ni maadui wanaoweza kushindwa bila kisu. Akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya muda wa saa mbili, usiku na mchana, bila ya udhuru. Akausimamia usafi wa mirija ya mkojo kwa ukali uliowachosha wauguzi. Na walipoanza kuishi, akakataa waishi bure. Ikawekwa karakana ya useremala na ya kutengeneza saa, wakaletwa wataalamu wa mazoezi ya viungo, ikaja michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, wagonjwa 16 walioketi katika viti vya magurudumu, wanaume 14 na wanawake 2, walishindana kulenga shabaha kwa pinde na mishale katika uwanja wa hospitali. Mwaka 1960 michezo hiyo ilifanyika Roma, na hiyo ndiyo inayohesabiwa leo kuwa Olimpiki ya kwanza ya walemavu. Dunia humsifu Guttmann kwa michezo. Mimi namsifu zaidi kwa zile saa mbili, kwa sababu michezo isingalikuwako kama wachezaji wangalikufa kwa vidonda.

Hapo lipo swali linalotuhusu sisi moja kwa moja. Kijana wa kijijini aliyepigwa risasi ya mgongo na wanyang'anyi wa ng'ombe, akatibiwa, akapewa ruhusa, atageuzwa na nani kila baada ya muda wa saa mbili? Jibu twalijua sote: mama yake, au mkewe, au mdogo wake atakayetolewa shule kwa kazi hiyo. Katika wodi zetu jamaa ndio wanaomwogesha mgonjwa, wakamlisha, wakamfulia; wao ni wauguzi kwa kweli, ila wauguzi ambao hakuna aliyewafundisha. Robo saa tu ya mwuguzi kumwonyesha mama jinsi ya kumgeuza mwanawe, jinsi ya kuikagua ngozi iliyo juu ya kifupa cha mkia asubuhi na jioni, na rangi gani ya ngozi iwe onyo kwake, yaweza kuokoa maisha ambayo chumba cha upasuaji kiliyaokoa kwa gharama kubwa. Kuyaacha maisha hayo yapotee kwa kukosa robo saa ni israfu isiyosameheka.

Wako waliokwisha kuupanga uangalizi huu katika zama zetu. Katika mji wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, hospitali ya Froedtert pamoja na chuo cha utabibu cha jimbo lile wameweka kliniki ya waliopigwa risasi, ambamo katika ziara moja mgonjwa huonana na watu wa upasuaji, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanasaikolojia, mtu wa ustawi wa jamii, na mjumbe wa kundi la 414LIFE, ambalo kazi yake ni kuzuia visasi mitaani. Uzuri wa tadbiri hii ni kwamba mzigo wa kuzunguka wameutoa mabegani mwa mgonjwa na kuuweka mabegani mwa hospitali. Kwa desturi tuliyoizoea, mwenye magongo huambiwa aje Jumatatu kwa mifupa, Alhamisi kwa mazoezi, na mwezi ujao kwa daktari wa akili katika jengo lililo ng'ambo ya barabara; naye, akiisha kukosa nauli ya mara ya pili, hakosi tena kwa sababu haji tena, na sisi twaandika kwamba mgonjwa ni mkaidi.

Huyo mjumbe wa mitaani huenda akawashangaza baadhi yenu, kwamba ana kazi gani katika kliniki. Kijana anayeitwa Sherman Spears alipigwa risasi mjini Oakland, California, mwaka 1989, akapooza miguu. Na katika kulala kwake hospitali alijionea jinsi fikira za kulipa kisasi zinavyozaliwa kando ya kitanda, marafiki wanapokuja wakiuliza ni nani, na yuko wapi. Mwaka 1994, pamoja na chama cha Youth ALIVE!, alianzisha kazi ya kuwapeleka kando ya vitanda watu wa mitaa ile ile, wengine wao wenyewe wakiwa wamewahi kujeruhiwa, ili wazungumze na majeruhi kabla hajarudi nyumbani, kisha wamfuate huko na kumsaidia kupata shule, kazi na mahali pa salama pa kulala. Tabibu hawezi kuifanya kazi hiyo hata akiwa mwema namna gani, kwa kuwa mgonjwa hawezi kumwambia tabibu yale ambayo atamwambia mwenzake aliyepitia. Mjini Kabul, Mwitalia Alberto Cairo, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyefika huko mwaka 1990 na kukiongoza kituo cha viungo bandia cha Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, alilishika jambo hilo hilo kwa njia yake: karibu wafanyakazi wote wa kituo kile wamekuwa walemavu waliowahi kuwa wagonjwa wake, na mtu anayeingia kwa mara ya kwanza akiwa amekatika mguu humwona fundi anayempima akitembea juu ya mguu uliotengenezwa pale pale.

Nirudi kwetu. Haitupasi kusema kwamba hatuna kitu. Huko Lokichoggio, katika nchi ya Turkana, Msalaba Mwekundu ulifungua mwaka 1987 hospitali ya Lopiding kwa majeruhi wa vita vya Sudan ya Kusini, ikakua mpaka ikawa miongoni mwa hospitali kubwa za namna yake duniani, na mwaka 2006 ikakabidhiwa kwa serikali ya Kenya. Wapasuaji wa pale waliwafundisha wengi kanuni ambayo kila daktari wa risasi anapaswa kuishika: kukata nyama iliyokufa, kukiacha kidonda wazi, na kukifunga baada ya siku nne au tano kikionekana safi. Ilikuwako pia karakana ya viungo bandia. Lakini majeruhi waliletwa kwa ndege na wakarudishwa kwa ndege, na walikorudishwa vita vilikuwa vinaendelea na kliniki hazikuwako. Mguu bandia wa mtu mzima hutaka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na wa mtoto anayekua kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Mwenye kuelewa hesabu hiyo atajua mangapi yaliachwa njiani bila ya kosa la wapasuaji wale.

Goma vilevile, ambako Kiswahili chetu husemwa sokoni na kanisani, hospitali ya CBCA Ndosho imekuwa na wapasuaji wa Msalaba Mwekundu tangu mwaka 2012, na kituo cha Shirika la Umoja huwatengenezea miguu waliokatwa. Bukavu iko hospitali ya Panzi, iliyoasisiwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Panzi ilijulikana kwa kuwatibu wanawake walionajisiwa vitani, si kwa majeraha ya risasi hasa, ila mpango wake ndio hasa ninaoutafuta: tiba ya mwili, tiba ya nafsi, msaada wa sheria, na msaada wa riziki, vyote vinne vikimwelekea mtu mmoja chini ya uongozi mmoja. Na Moshi, katika eneo la hospitali ya KCMC, chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kimekuwa kikifundisha tangu mwaka 1981 vijana wa nchi nyingi za Afrika. Mpasuaji tunaye, fundi wa mguu tunaye, ofisa wa ustawi wa jamii yumo katika kila hospitali ya mkoa, jamaa wako tele. Ambalo halijawa ni kuwakutanisha.

Na hapa lazima niseme neno juu ya polisi. Kwa sheria zetu za Tanzania mwenye jeraha la risasi hutakiwa kuwa na Fomu Namba 3 ya Polisi, PF3. Na ni haki, kwa kuwa risasi ni jambo la jinai. Lakini fomu isiwe kizuizi cha mlango wa hospitali, wala kitanda kisigeuzwe kiti cha mahojiano. Majeruhi aliyeulizwa maswali kwa ukali juu ya mto wake hatarudi kliniki, kwa sababu ataiona kliniki na kituo cha polisi kuwa nyumba moja. Na haijuzu mtu anyimwe uangalizi kwa sababu yasemekana alikuwa mhalifu. Mahakama ina siku yake. Kidonda hakingoji hukumu.

Mwasema fedha hazitoshi. Nami nawajibu kwamba ninayoyaomba hayahitaji jengo jipya. Kila hospitali ya mkoa inayopokea majeruhi wa risasi na itenge asubuhi moja katika mwezi, chumba kimoja, na watu watano ambao tayari wanalipwa mshahara: mpasuaji, mtaalamu wa mazoezi, mnasihi, ofisa wa ustawi wa jamii, na mwuguzi mmoja atakayekuwa mratibu, mwenye daftari lenye jina, namba ya simu ya jamaa, mahali risasi ilipobaki, na tarehe ya kurudi. Asiyekuja apigiwe simu siku ile ile. Asiye na nauli atafutiwe nauli, kwa kuwa nauli ni dawa kama zilivyo dawa nyingine. Aliyefunguliwa utumbo ukatolewa nje ya tumbo, akaambiwa arudi baada ya miezi mitatu kufungwa, asiachwe miaka mitatu akificha kitambaa ndani ya shati na kujitenga na msikiti, kanisa na ndoa yake kwa kuona haya. Nawaomba waganga wakuu wa mikoa walio katika ukumbi huu waianze kliniki hiyo mwezi huu, hata kama wagonjwa watakaokuja siku ya kwanza ni wawili.